Ngazi Alizoandika Bishr

Kila Jumapili saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kwenda kuanza wiki ya kazi, Taghrid hupanda juu ya paa na kuligonga tangi la maji kwa kifundo cha kidole. Huanzia chini akipandisha. Palipo na maji tangi hujibu kwa sauti nzito, palipo tupu hulia kama sufuria. Jumapili hiyo lililia kama sufuria kuanzia juu mpaka shubiri moja kutoka chini. Alishuka akamwambia mama yake, Umm Mundhir, kwamba maji ya chai yapo, ya kufulia hayapo, na ya kuoga yanategemea mtu mwenyewe.

"Mimi nilishaacha kutegemea," alisema Umm Mundhir, akamfungia mkate wa viungo vya zaatari kwenye gazeti.

Jabal Rumman ni kilima cha Amman ambacho barabara haikupata kukipanda. Kina ngazi za zege, vidato tisini na vinne kutoka nyumba za juu mpaka barabarani. Lori la kuuza maji huishia chini, na mpira wake mrefu kuliko yote hufika kidato cha thelathini. Kwa hiyo huko juu watu hungoja zamu. Zamu ya Jabal Rumman ni Jumatano, na Jumatano tano zilikuwa zimepita bila bomba hata kukohoa. Aliyepiga simu kulalamika alijibiwa na mwanamke mwenye adabu kwamba kompyuta inaonyesha maji walipata.

Mundhir, kaka yake Taghrid, ana karakana ya matairi Zarqa. Alikuja Ijumaa iliyotangulia, akamkuta mama yake anaoga kwa kopo la samli, akakasirika na kila mtu.

"Miaka sabini na mbili huyu, anajimwagia maji ya kopo! Nawapa Jumatano tatu. Ya tatu ikipita kavu, Ijumaa yake nakuja na pikapu, nawahamishia kwangu, na maneno yakome."

Taghrid alipoteza macho akiwa na miaka tisa, katika nyumba hiyohiyo. Anajua msumari wa taulo ulipo, anajua kigae kilichoinuka mbele ya jiko, anajua mlango upi husukumwa kwa bega wakati wa mvua. Kwa Mundhir, ghorofa ya nne, pana watoto watano na viti visivyokaa mahali pamoja. Angekuwa mgeni wa kushikwa mkono kupelekwa msalani, na kazini asingefika, maana safari ni mabasi mawili na vivuko ambavyo hakuna dereva anayesimama. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Basi Jumapili hiyo alishika fimbo yake nyeupe, akaanza kushuka akihesabu. Kidato cha tatu kilikuwa kifupi, urefu wa kitabu chembamba. Cha nne vilevile. Cha tano kilikuwa kimesogea hatua moja kulia, na cha sita hatua mbili. Taghrid alisimama, akavua kiatu, akapapasa kwa wayo. Kisha akaketi na kuupitisha mkono ukingoni mwa zege. Palikuwa na nukta zilizoinuka, safu safi, maandishi yale yale aliyofundishwa shule ya wasioona. Alisoma vidato vinne, akajua alipo. Lilikuwa faili la zamu za maji, na kila mstari wake ulikuwa kidato.

Alimpigia simu mkubwa wake wa kazi, Mhandisi Nidal.

"Nitachelewa, mhandisi. Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Faili la zamu."

"Si liko huku ofisini?"

"Na huku lipo."

"Haya, usikae sana juani," alisema Mhandisi Nidal.

Taghrid ni mwandishi wa programu, na kampuni yake ndiyo iliyopewa kuandika programu inayopanga zamu za maji za mji. Kompyuta humsomea masikioni, kila neno na kila alama. Mistari ya programu huandikwa kwa kusogezwa: sharti likiwa ndani ya sharti jingine, mistari yake hujongea ndani kidogo, na lililo ndani ya hilo hujongea zaidi. Mwenye macho huona umbo lote kwa mara moja, tena kwa rangi. Taghrid husikia "nafasi, nafasi, nafasi", pengine mara ishirini na nane, kisha "bano la kufungua", na akifikia bano la kufunga, mistari mia mbili baadaye, hakumbuki tena ni la sharti gani. Mara mbili tangu maji yalipokatika alijaribu kulisikiliza faili la zamu, siku nne kila mara, na mara zote mbili alipotea katikati na kurudi nyumbani na kichwa kinachouma.

Miaka mitatu nyuma aliandika karatasi ya maombi manne. Vifungu viwe vifupi. Kila kifungu kipewe jina la kazi yake. Sharti lisizame ndani ya masharti zaidi ya matatu. Palipo pagumu paandikwe maelezo kwa lugha ya kawaida. Karatasi ilibandikwa ukutani juu ya birika la umeme, na kila mwajiriwa mpya alionyeshwa. Wote walisema ni karatasi nzuri sana.

Faili la zamu liliandikwa na Bishr, kijana wa Irbid, mwepesi wa vidole na mwema wa moyo, ambaye huandika akiwa na njaa. Vifungu vyake aliviita kwa jina la wali wa nyama ya kondoo: mansaf, mansaf ya pili, mansaf ya mwisho, na mansaf ya mwisho kabisa.

"Bishr, hii mansaf ya mwisho inafanya nini?" Taghrid aliwahi kumuuliza.

"Inaita mansaf ya mwisho kabisa."

"Na hiyo?"

"Hiyo usiiguse, dada. Inafanya kazi, na mimi mwenyewe sijui kwa nini."

Faili lilikuwa na mistari mia sita na kumi na mmoja, kwa hiyo ngazi sasa zilikuwa na vidato mia sita na kumi na moja. Kilima hakikuongezeka urefu. Kila sharti lilipoingia ndani ya jingine, ngazi zilihama hatua moja kulia, mpaka mahali palipokuwa na masharti tisa zikapita katikati ya ua wa Abu Sakhr, kati ya mzabibu wake na kamba ya nguo, zikazunguka banda la kuku na kurudi kushoto ghafla. Abu Sakhr aliendesha basi miaka thelathini na magoti yake yalikwisha kwenye klachi. Alimkuta Taghrid ameketi uani kwake, ameinamia kidato.

"Watu arobaini wamepita hapa tangu asubuhi, binti. Wote wamenisalimia, na mimi bado niko na fulana. Nani kafanya hivi?"

"Bishr, ami. Wa ofisini kwetu."

"Ana ugomvi na mimi?"

"Hana. Ndivyo anavyoandika."

"Mwambie magoti ya Abu Sakhr yanamsalimia," alisema, akaenda kuvaa shati.

Palikuwa na sehemu mbili tu za kupumzikia katika ngazi zote. Mstari wa maelezo ulipoandikwa, kidato kilikuwa kipana na tambarare, na mtu aliweza kuweka kikapu chini. Bishr alikuwa ameandika maelezo mara mbili. Mahali pamoja aliandika "usiguse", na pengine "nitarudi hapa". Wanawake waliotoka sokoni walipumzika penye "usiguse", wakabaki na safari ya vidato mia nne bila pa kuweka nyanya. Jioni ya siku ya kwanza kilima kizima kilikuwa kimeshajua kwamba maelezo ni machache.

Taghrid alilimaliza faili kwa asubuhi mbili. Alishuka kwa makalio, kidato kwa kidato, na kila alipotaka kujua yuko ndani ya masharti mangapi, alinyoosha fimbo kushoto na kuhesabu hatua. Mwili ulikumbuka kile ambacho masikio yalishindwa kubeba. Alifurahi sana. Aliisoma mansaf ya pili yote bila kurudi nyuma, akacheka peke yake mbele ya mbuzi wa watu. Kwa miaka mitatu alidhani yeye ni mzito.

Jumatatu saa tano alifika kidato cha mia tatu themanini na nane, nyuma ya banda la kuku, hatua tisa kulia. Alikisoma mara tatu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Upande wa magharibi wa mji wakihitaji maji siku ya zamu ya Jabal Rumman, zamu ipite kwao, na Jabal Rumman ihesabiwe imeshapata. Upande wa magharibi kuna majumba yenye bustani na mabwawa ya kuogelea, na huhitaji kila Jumatano. Taghrid aliweka sikio kwenye zege. Chini ya kidato kile maji yalikuwa yanapita, mengi, yakielekea magharibi.

Alimwita Abu Sakhr. Naye akajikunja kwa taabu, akaweka sikio.

"Haya ni maji."

"Ndiyo, ami."

"Ya nani?"

"Ya kwetu."

Abu Sakhr alikaa pale mpaka kuku wakamzoea. Kisha akasema atakwenda ofisini mwenyewe.

Walikwenda Jumatano, siku ambayo bomba lilikaa kimya kwa mara ya sita. Walikuwa Abu Sakhr, Umm Mundhir na wanawake wanne wenye vikapu vitupu ili waeleweke. Mhandisi Nidal aliwapokea vizuri. Ni mtu mpole, hunywa chai ya majani ya maramia kwa ajili ya tumbo, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliagiza vikombe sita.

"Mhandisi," alisema Abu Sakhr, "uani kwangu wanapita watu mia mbili kwa siku kwa sababu huyu kijana hafungi mabano mapema."

Bishr aliinamisha kichwa. "Ni kweli, ami. Nilikuwa na haraka."

"Haraka yako iko kwenye magoti yangu."

"Na majina gani hayo?" alisema mmoja wa wanawake. "Mansaf, mansaf! Watu hawana maji ya kuoshea mchele, wewe unapika nini?"

"Maelezo," alisema mwingine. "Sisi tunataka maelezo. Kila vidato kumi, maelezo. Nina pumu."

Mhandisi Nidal aliandika yote. Aliinuka, akaenda penye birika, akaibandua karatasi ya Taghrid, akaisoma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, akaja nayo mezani.

"Haya mambo yote yamo humu," alisema. "Taghrid, mbona hukusema?"

Taghrid alikuwa na hasira kiasi kwamba alihisi joto masikioni. Kwa miaka mitatu jambo lile lilikuwa tatizo la macho yake, na katika siku nne lilikuwa limegeuka tatizo la magoti ya watu, na la magoti lilikuwa na haraka. Alingoja wageni wameze chai, ndipo akasema kuhusu kidato cha mia tatu themanini na nane.

"Hilo si kosa la programu," alijibu Mhandisi Nidal taratibu. "Hilo liliombwa."

"Na nani?"

"Lilikuja kwa simu."

"Simu ya nani?"

"Simu, mwanangu. Hapakuwa na barua. Ingekuwa barua, ningejibu barua, ningeomba ifutwe, na kungekuwa na faili la kuliweka. Kitu kilichokuja kwa simu nitamwandikia nani akifute?"

"Si umpigie?"

"Simu ile hupiga. Haipigiwi."

Umm Mundhir aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo maji yangu yameondoka kwa alo ya simu?"

"Mama yangu, nisikilize," alisema Mhandisi Nidal, na mkono wake ulikuwa kifuani kwa dhati kabisa. "Ngazi nitazirekebisha. Wallahi nitazirekebisha. Hilo jingine, laiti msingelisoma, lingewaumiza kidogo."

Alitimiza ahadi. Bishr alipewa siku kumi, akamaliza kwa siku sita, karatasi ya Taghrid ikiwa imebandikwa kwenye skrini yake. Kila mchana alimsomea Taghrid alichoandika na kumuuliza kama kinasikika, naye alimwambia ukweli. Alivunja mansaf ya mwisho kabisa vipande kumi na vitatu, akavipa majina: hesabu presha, chagua kilima, fungua bomba, andika kilichotolewa. Masharti tisa yakawa matatu. Kila kifungu kilianza na maelezo kwa Kiarabu cha kawaida, ambacho hata bibi yake wa Irbid angekielewa. Siku ya tano alimwambia Taghrid kwamba kwa mara ya kwanza anaelewa alichoandika mwaka juzi, na anaona haya.

"Ondoa ule mstari, Bishr," alisema Taghrid.

"Dada, ningeweza ningeshauondoa. Mkubwa ameufungia. Nikiugusa kompyuta yangu inazimika."

"Basi uandikie maelezo."

"Nitaandika maelezo mazuri kabisa," alisema Bishr. Hakuwa anafanya mzaha.

Kadiri alivyoandika, ngazi zilikaa sawa. Mtu akishuka asubuhi vidato mia sita, alirudi mchana kukuta mia nne. Jumanne zilibaki mia moja na ishirini, zimenyooka, zenye pa kupumzikia kila baada ya vidato saba au nane. Ua wa Abu Sakhr ulirudi kuwa ua. Manispaa ilileta fundi akaweka reli ya chuma pande zote mbili, na mwandishi wa gazeti alikuja kupiga picha ya Taghrid akiwa ameshika reli. Majirani walileta kunafa, kitamutamu cha jibini, kwenye sahani za karatasi, maana hapakuwa na maji ya kuoshea sahani, na mwanamke mwenye pumu alimbusu Taghrid mashavu yote mawili. Mstari ule ulikuwa sasa kidato cha arobaini na moja. Kilikuwa kipana, hakina kona, chenye mahali pa kuketi watu watatu. Jumatano ya pili wanawake waliketi hapo na ndoo wakisikiliza maji yanavyopita.

Abu Sakhr alimwomba Taghrid amfundishe kusoma nukta. Alisema ana muda, na hataki tena kusomewa mambo ya nyumbani kwake. Taghrid alimletea trei la mayai sita, maana kila herufi ni nukta zisizozidi sita. Alimpangia mayai, herufi moja baada ya nyingine, naye akazipapasa kwa kidole kilichozoea usukani, akitukana kwa sauti ya chini kila alipochanganya mbili. Kila jioni kabla ya magharibi alitoka kufanya mazoezi kwenye vidato vya juu, amefumba macho kwa sababu alisema yanamwingilia.

Jumatano ya tatu, saa nne asubuhi, Taghrid alikaa mezani kwake ofisini akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mashine yake ilikuwa na ruhusa ya kurekebisha makosa madogo bila kungoja saini, ruhusa aliyopewa kwa ajili ya nukta na koma. Sasa kwa kuwa faili lilisomeka, alilipitia lote kwa sikio kwa dakika ishirini. Alipofika kwenye mstari wa arobaini na moja hakusikia "nafasi" zaidi ya mara nane. Mkono wake ulijua alipo. Aliufuta mstari, akatuma.

Huko Jabal Rumman ngazi zilipungua kidato kimoja, na wanawake watatu waliokuwa wameketi walijikuta wameketi kwenye cha chini yake. Bomba la Umm Mundhir lilikohoa. Lilitoa upepo, likatoa maji mekundu ya kutu, kisha meupe. Kilima kizima kilikimbia. Watu walijaza masufuria, madumu, vikombe vya chai, beseni la mtoto na mtoto akiwamo. Abu Sakhr alisimama chini ya bomba la uani na shati lake. Umm Mundhir hakujaza kitu. Aliinamisha kichwa chini ya bomba la jikoni, akaosha nywele zake kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, taratibu, mara mbili.

Ofisini simu ya Mhandisi Nidal iliita. Alisema "ndiyo" mara tano na "kosa dogo" mara moja. Baada ya dakika kumi na moja kidato kilirudi mahali pake na bomba likanyamaza. Mhandisi Nidal alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza ya Taghrid, akavuta kiti.

"Kazi yako ni safi," alisema. "Sijaona mtu anayelielewa faili hili kama wewe. Ile ruhusa nimeiondoa, kwa usalama wako. Unisamehe."

"Mhandisi, umesikia mwenyewe kwamba inawezekana. Dakika kumi na moja zimewezekana."

"Nimesikia. Na wao wamesikia." Aliinuka. "Nikuletee chai?"

Taghrid alilia, na hakujificha, kwa sababu hakujua nani anamtazama na nani hamtazami. Mhandisi Nidal alileta chai, akaweka sukari mbili, akaikoroga yeye mwenyewe.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa amekaa kwenye jua, nywele zimeachwa wazi.

"Nusa," alisema Umm Mundhir.

Taghrid alinusa. "Zeituni."

"Sasa naweza kwenda Zarqa. Sitaingia kwa mke wa mtu na kichwa kichafu."

"Mama, nitajaribu tena."

"Najua utajaribu. Njoo unifunge nywele."

Mundhir alikuja Ijumaa baada ya swala, na rafiki zake wawili wa karakana. Walibeba godoro, jiko, friji na masanduku manane. Kwa Mundhir ilikuwa mara ya kwanza kuona ngazi mpya. Walishuka na friji wakipumzika kila baada ya vidato saba, bila kugongana, na reli iliwasaidia.

"Ngazi nzuri hizi," alisema Mundhir, akijifuta jasho. "Zamani zilikuwa zinaua mtu. Nani kazijenga?"

"Mimi na Bishr," alisema Taghrid.

"Mungu awalipe," alisema Mundhir, akainua upande wake wa friji.

Umm Mundhir alishuka akiwa ameshikilia reli kwa mikono miwili, na majirani walimsindikiza mpaka barabarani. Taghrid alibaki nyuma afunge mlango. Alipofika katikati alimkuta Abu Sakhr ameketi kwenye kidato cha arobaini, pa maelezo, pale wanapopumzikia watu, vidole vyake vikiwa kwenye ukingo wa zege.

"Keti," alisema Abu Sakhr. "Nimefika hapa. Nisikilize kama nakosea."

Taghrid aliketi. Abu Sakhr alifumba macho na kusoma kwa kidole, neno moja moja, kwa sauti aliyokuwa akiitia vituo vya basi.

"'Hapa... zamu ya Jabal Rumman... hupewa... upande wa magharibi... wakihitaji. Halafu... huandikwa... kwamba Jabal Rumman... wamepata.'" Aliinua kidole. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, ami. Hata herufi moja."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

Abu Sakhr aliigusa tena safu ya mwisho. "Haya, kusoma nimejua. Sasa nifanye nini?"

Chini barabarani Mundhir alipiga honi mara mbili. Taghrid alimwomba asome tena, na Abu Sakhr akasoma tena, safari hii bila kusita popote.